Skripti Inarudi Kila Ukiifuta: Mwongozo Kamili wa Kuziba XSS Iliyohifadhiwa Kwenye Tovuti ya WordPress

Mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari wilayani Rungwe alinipigia simu Jumatatu asubuhi. "Kaka, kile kitu kimerudi." Kile kitu ni ukurasa wa kamari uliokuwa ukifunguka wenyewe kila mzazi anapotaka kusoma orodha ya ada. Alikuwa amekifuta mara tatu. Mara zote tatu alifuta alichokiona kwa macho, ujumbe mmoja wa ajabu kwenye fomu ya maoni, na mara zote tatu aliufuta akiwa ameingia kwa akaunti ya admini. Hilo la pili ndilo lililomwangusha.

Wanaoniuliza jambo hili kutoka Mbeya mjini, Mafinga na Njombe wanakwama palepale alipokwama yeye. Ni watu wanaosimamia tovuti za shule, AMCOS (vyama vya ushirika) za kahawa, nyumba za wageni na makanisa, na wengi wao hiyo si kazi yao ya kuajiriwa. Mwongozo huu ni wao. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu ukizivuruga utasafisha leo na kesho utakuta uchafu uleule.

## Unapambana na nini

XSS ni kifupi cha Kiingereza, cross-site scripting, yaani kuchomeka skripti kwenye tovuti ya mtu. Iliyohifadhiwa huenda hivi. Mtu anaandika maandishi kwenye fomu yako: jina, maoni, oda ya miche ya parachichi. Ndani ya maandishi hayo ameficha skripti, msimbo mdogo unaoendeshwa na kivinjari. Tovuti inayapokea na kuyaweka kwenye hifadhidata. Baadaye kila anayefungua ukurasa unaoonyesha maandishi hayo, kivinjari chake kinaikuta skripti na kuiendesha, kwa kuwa kinaamini imetoka kwako.

Kwa mgeni wa kawaida madhara ni kupelekwa kwenye tovuti nyingine au kuonyeshwa fomu ya uongo inayodai nenosiri. Kwa admini ni makubwa zaidi. Skripti inafanya kazi ndani ya kivinjari kilichoingia tayari kwenye dashibodi, hivyo inaweza kubonyeza chochote ambacho admini angeweza kubonyeza, ikiwemo kutengeneza admini mpya.

Kuna anayesema kuki za WordPress (alama ambazo kivinjari kinatunza ili tovuti ijue umeshaingia) zimelindwa, skripti haiwezi kuzisoma. Ni kweli, na haisaidii. Skripti haina haja ya kuiba kuki, kwa sababu kivinjari chenyewe kinaiambatanisha kuki hiyo kwenye kila ombi inalotuma.

## Andaa hivi kwanza

- Ruhusa ya maandishi ya mwenye tovuti. Hata ujumbe wa WhatsApp wa mkuu wa shule au mwenyekiti wa AMCOS unatosha kuanzia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa, na nia njema haikuondolei kesi.
- Njia ya kuingia kwenye seva: cPanel (paneli ya kusimamia akaunti ya tovuti), na ikiwezekana SSH (njia ya kuiandikia seva amri moja kwa moja) yenye programu ya WP-CLI, ambayo ndiyo inayoelewa amri za `wp` zilizomo humu. Bila SSH, phpMyAdmin (ukurasa wa kufungulia hifadhidata) itakufikisha mbali, ila kwa kazi ya mkono zaidi.
- Nafasi ya kuweka nakala ya majaribio: kompyuta yako yenye XAMPP, au kikoa kidogo kilichofungwa kwa nenosiri.
- Flashi au diski ya nje ya kuhifadhia bakapu.
- Kivinjari kimoja ambacho hujawahi kuingilia kwenye dashibodi hiyo.
- Nusu siku isiyo na usumbufu. Kama eneo lako umeme unakatika, chaji kompyuta kwanza. Kazi ya hifadhidata ikikatika katikati inaleta balaa la pili.

## Hatua ya 1: Toka kwenye dashibodi na usirudi

Toka kwenye akaunti ya admini katika kila kifaa, na simu pia. Wapigie wenzako wote wenye uadmini watoke. Waambie wasiingie mpaka utakapowaruhusu.

Kwa nini: kufungua ukurasa wa maoni ndani ya dashibodi ndicho kitendo ambacho skripti inakisubiri. Yule mwalimu alipokuwa akifungua orodha ya maoni ili afute, skripti ilikuwa inatengeneza admini wa siri nyuma yake. Akifuta ujumbe, admini wa siri anabaki na kuurudisha.

Kuanzia hapa fanya kazi kupitia SSH au phpMyAdmin. Huko maandishi ya hifadhidata yanaonyeshwa kama maandishi tu, hayaendeshwi.

## Hatua ya 2: Chukua bakapu ya uchafu ulivyo

Ndiyo, bakapu ya tovuti iliyoambukizwa. Itakuonyesha walipoingilia, na ukikosea utarudi ulipoanzia. Amri zote ziandike ukiwa ndani ya `public_html`, folda yenye faili za tovuti.

```
wp db export ~/bakapu-kabla.sql --skip-plugins --skip-themes
tar -czf ~/faili-kabla.tar.gz -C ~ public_html
```

Pakua pia logi za seva, kumbukumbu za kila ombi lililoifikia, leo hii. Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti huzifuta baada ya muda mfupi, na zikishafutika huna tena pa kumtafuta aliyeingia.

Onyo: usiache faili hizi ndani ya `public_html`. Humo mtu yeyote anayebahatisha jina la faili anapakua hifadhidata yako nzima. Ziweke nje ya folda hiyo kama nilivyoandika hapo juu. Bando likiwa dogo, ziache hapo na uzipakue usiku.

Umefanikiwa ikiwa faili ya `.sql` ina ukubwa unaoeleweka, si sifuri, na ukiifungua unaona majina ya majedwali kama `wp_posts` na `wp_users`.

## Hatua ya 3: Hesabu wenye uadmini

```
wp user list --role=administrator --skip-plugins --skip-themes
```

Maneno mawili ya mwisho usiyaache. Plagini mbaya inaweza kumficha admini asionekane kwenye orodha, lakini ukiamuru plagini zisipakiwe, plagini ya kawaida haina pa kumfichia. Zilizo ndani ya folda ya `mu-plugins` bado hupakiwa, na folda hiyo tutaikagua Hatua ya 5. Kwa asiye na SSH, fungua jedwali la `wp_usermeta`, tafuta `wp_capabilities` yenye neno `administrator`, kisha linganisha namba za watumiaji na jedwali la `wp_users`.

Mpigie simu mwenye kila jina. Usikubali jina kwa sababu tu linafanana na la mfumo. Mwaka 2024 washambuliaji walitumia tundu la namna hii katika plagini ya LiteSpeed Cache, lililosajiliwa kwa namba CVE-2023-40000 na kuathiri matoleo yaliyotangulia 5.7.0.1. Waadmini waliowatengeneza waliitwa `wpsupp-user` na `wp-configuser`. Mtu aliyechoka angedhani hayo ni majina ya kiufundi na kuyapita.

Asiye na mwenyewe, mwondoe. Namba ya kwanza ni yake, na ya mwisho ni ya admini halali atakayerithi maandishi yake:

```
wp user delete 27 --reassign=1 --skip-plugins --skip-themes
```

## Hatua ya 4: Tafuta skripti kila ilipolala

Hapa ndipo wengi wanafanya nusu kazi. Wanatafuta kwenye maoni na makala, basi. Lakini skripti inaweza kulala kwenye jina la mtumiaji, maelezo ya picha, mipangilio ya plagini, oda ya duka, au jedwali la plagini ya takwimu linalotunza anwani za kurasa walizotokea wageni. Anwani hiyo inatumwa na kivinjari cha mgeni, hivyo mgeni anaweza kuandika humo anachotaka.

```
wp db search '<script|onerror *=|onload *=|onfocus *=|onmouseover *=|javascript:|<iframe|fromCharCode|atob\(' --regex --regex-flags=i --all-tables-with-prefix --skip-plugins --skip-themes
```

Angalia nilichojumuisha. Skripti haihitaji neno `script`. Picha isiyopatikana yenye `onerror` inatosha, na kisanduku chenye `onfocus` kinatosha. Anayetafuta `<script` peke yake anaacha nyumba ikiwa na madirisha wazi. `fromCharCode` na `atob` ni mbinu za kuficha maneno, kwa hiyo ukiziona kwenye maoni ya mzazi, huna haja ya kujiuliza mara mbili. Na ile `--all-tables-with-prefix` ni ya lazima, kwa sababu bila hiyo majedwali yaliyoundwa na plagini hayaguswi.

Utapata majibu mengi, na mengine ni halali: ramani ya Google inayoonyesha njia ya kuja shuleni, video ya mahafali, msimbo wa takwimu uliowekwa na aliyetengeneza tovuti. Kwa kila jibu jiulize maswali mawili. Nani aliyeliweka hapa? Na linaita kikoa gani? Kikoa usichokifahamu kiandike kwenye daftari, kisha kitafute peke yake kwenye hifadhidata nzima. Mara nyingi kitakuongoza kwenye maficho mengine ambayo mchujo wa kwanza uliyaruka.

Nakusihi utumie daftari la kweli. Andika jedwali, namba ya safu, jina la safuwima na tarehe. Hatua ya 5 inategemea orodha hii, na ukifuta kabla ya kuandika umepoteza alama za miguu ya mwizi.

Ukishaandika, futa. Maoni machafu yafute yote. Makala halali iliyochomekewa skripti, irudishe kutoka toleo lake la zamani au ondoa kipande kibaya tu.

Onyo kuhusu `wp_options` na `wp_postmeta`: usihariri kwa mkono thamani inayoanza na herufi kama `a:3:{s:5:`. Hizo namba ni hesabu za vipengele na za urefu wa maneno. Ukipunguza herufi bila kurekebisha hesabu, WordPress inashindwa kuisoma thamani yote na mipangilio inapotea. Kwa sehemu hizo tumia `wp search-replace`, ambayo inarekebisha hesabu yenyewe, na uitangulize kwa jaribio kavu la `--dry-run` uone itagusa safu ngapi.

Umefanikiwa ikiwa ukirudia amri ya kutafuta, kila jibu lililobaki unaweza kumtaja aliyeliweka.

## Hatua ya 5: Tafuta tundu lenyewe

Rudi kwenye daftari. Jedwali linakutajia plagini. Uchafu ukiwa kwenye jedwali la plagini ya fomu, mshukiwa ni plagini ya fomu au ukurasa unaoonyesha majibu yake. Ukiwa kwenye `wp_comments`, angalia themu: je, inaonyesha maoni kwa msimbo wake yenyewe?

Chukua tarehe na saa ya safu chafu uzipeleke kwenye logi. Tafuta maombi ya `POST`, yaani yanayotuma data kwenye tovuti, ya dakika hizo. Kumbuka logi nyingi huandika saa za seva, na seva ikiwa Ulaya au Marekani hazitalingana na saa za Mbeya.

Kisha orodhesha plagini:

```
wp plugin list --skip-plugins --skip-themes
```

Sasisha zote, na WordPress yenyewe. Plagini ambayo mtengenezaji wake ameitelekeza, ifute kabisa. Kuizima tu hakutoshi, kwa kuwa faili zake zinabaki kwenye seva na siku moja mtu atakuja kuiwasha.

Kwa kuwa admini alishaguswa, usiziamini faili za PHP pia:

```
wp core verify-checksums
wp plugin verify-checksums --all
find wp-content/uploads -name '*.php'
ls wp-content/mu-plugins
```

Folda ya `uploads` ni ya picha na nyaraka, hivyo faili yoyote ya PHP humo ichunguze. Folda ya `mu-plugins` hupakiwa yenyewe, na yaliyomo hayatokei kwenye orodha ya kawaida ya plagini ndani ya dashibodi. Plagini za kununua hazithibitishwi na amri ya pili, kwa hiyo hizo zipakue upya kwa muuzaji wake. Na kama plagini ya kulipia uliipata bure kutoka kwa rafiki, iondoe leo.

Wenye Joomla, mfumo mwingine wa kutengenezea tovuti: wazo ni lilelile. Hakikisheni hamko chini ya 4.4.3 au 5.0.3, matoleo ya Februari 2024 yaliyoziba CVE-2024-21726, hitilafu iliyokuwa ndani ya kichujio cha maudhui chenyewe. Kisha fungueni mipangilio ya vichujio vya maandishi, na kundi lolote la watumiaji msilolijua lisipewe ruhusa ya HTML isiyochujwa.

## Hatua ya 6: Zima herufi pale maandishi yanapotoka

Kama themu yako ilitengenezwa na fundi wa mtaani, au uliiandika mwenyewe, tundu linaweza kuwa humo. Hatua hii isome taratibu.

Fundi wengi wanajilinda mlangoni tu. Fomu ikipokea maandishi, wanafuta neno `script` na alama ya `<`, wanaridhika. Kosa la kwanza ni kwamba kuna mashambulizi yasiyohitaji `<` hata moja. Tazama kisanduku hiki:

```php
<input name='jina' value='<?php echo strip_tags( $jina ); ?>'>
```

Mtu akiandika `x' onfocus='...`, ile alama ya ritifaa inafunga thamani, na kinachofuata kinakuwa amri ya kivinjari. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna bahati ya kuligundua kosa hili mapema kuliko wengine. Mzazi mwenye jina la ukoo kama Ng'umbi akijaza fomu ya namna hiyo, jina linakatika na kubaki "Ng". Jina likikatika kwenye tovuti yako, usimlaumu mzazi kwa kuandika vibaya. Umeonyeshwa tundu bila kulipia.

Kosa la pili: kinachochujwa mlangoni si lazima kiwe ndicho kinachohifadhiwa. Aprili 2015, WordPress 4.2 ilikuwa na tundu la maoni marefu. Maoni yakizidi uwezo wa safuwima ya MySQL, yaani baiti 65,535, hifadhidata iliyakata mkia. Kichujio kilikuwa kimekagua maandishi mazima na kuyaona salama, lakini yaliyobaki baada ya kukatwa hayakuwa salama tena. Toleo la 4.2.1 ndilo lililoziba.

Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike wakati wa kutoa, mstari uleule wa `echo`. Kuzima herufi maana yake ni kuibadili `<` iwe `&lt;` na ritifaa iwe `&#039;`. Msomaji anaiona herufi ilivyo, kivinjari hakiichukui kama amri. Na dawa inategemea mahali:

```php
<p><?php echo esc_html( $jina ); ?></p>

<input name="jina" value="<?php echo esc_attr( $jina ); ?>">

<a href="<?php echo esc_url( $anwani ); ?>">Tembelea</a>

<script>
var jina = <?php echo wp_json_encode( $jina, JSON_HEX_TAG | JSON_HEX_AMP ); ?>;
</script>

<div><?php echo wp_kses_post( $maelezo ); ?></div>
```

Usizibadilishane. `esc_html` kwenye kiungo haitamzuia aliyeandika `javascript:` badala ya `https:`, kwa kuwa neno hilo halina herufi ya kuzimwa, ilhali `esc_url` inalikataa. `esc_attr` nayo haisaidii kitu kama thamani haijawekwa ndani ya alama za nukuu, maana nafasi tupu moja inatosha kufungua sifa mpya. Ile ya mwisho, `wp_kses_post`, ni ya maandishi yanayohitaji wino mzito na aya, na huruhusu alama salama tu.

Nje ya WordPress, kwa PHP ya kawaida, andika `htmlspecialchars( $jina, ENT_QUOTES, 'UTF-8' )`. Usiiache `ENT_QUOTES`. Kabla ya PHP 8.1 ritifaa haikuzimwa bila kuitaja, na seva zenye PHP ya zamani bado zipo.

Mlangoni bado safisha, lakini kwa usafi wa data:

```php
$jina = sanitize_text_field( wp_unslash( $_POST['jina'] ) );
```

`wp_unslash` ni kwa sababu WordPress huongeza mkwaju wa nyuma kabla ya kila ritifaa inayopokelewa. Bila kuuondoa unahifadhi `Ng\'umbi`.

Onyo: usizime herufi kabla ya kuhifadhi. Shule moja niliyoisaidia Iringa ilikuwa inahifadhi majina yakiwa yamezimwa tayari. Kwenye tovuti yalionekana vizuri, ila siku walipotuma SMS za ada, wazazi walipokea "Ndugu Ng&#039;umbi". Hifadhidata itunze jina kama mzazi alivyoliandika. Tovuti, SMS na Excel kila kimoja kina namna yake ya kulitoa salama.

Ili usiruke faili, orodhesha kila mstari wa kutoa:

```
grep -rnE "echo|print|<\?=" wp-content/themes/themu-yako
```

Pita mmoja mmoja. Mstari wenye kigeu usio na moja ya zile dawa tano, urekebishe au ueleze kwa maandishi kwa nini ni salama. Kazi hii inachosha. Kwa themu ya shule inamalizika kwa jioni moja, na hakuna plagini ya ulinzi itakayokufanyia.

## Hatua ya 7: Punguza mamlaka

Kwenye WordPress ya tovuti moja, admini na mhariri wanaruhusiwa kuandika HTML isiyochujwa, skripti ikiwemo. Si tundu, imeundwa hivyo. Ila maana yake nenosiri la mhariri likiibwa, tumerudi mwanzo. Ongeza mistari hii ndani ya `wp-config.php`, juu ya mstari unaosema usihariri zaidi:

```php
define( 'DISALLOW_UNFILTERED_HTML', true );
define( 'DISALLOW_FILE_EDIT', true );
```

Wa pili unafunga kihariri cha faili ndani ya dashibodi, ili skripti inayomtumia admini isiweze kuandika PHP kupitia hapo.

Onyo: baada ya mstari wa kwanza, ukurasa wenye ramani ya kuchomeka ukihifadhiwa upya, ramani itaondolewa. Video za YouTube zilizowekwa kwa kubandika kiungo tu zinaendelea kufanya kazi. Waambie wahariri mapema, wasije wakafikiri tovuti imeharibika.

Mwalimu anayeandika habari za michezo mpe nafasi ya mwandishi. Uadmini wabaki nao watu wawili.

## Hatua ya 8: Toa watu wote, futa kashe

Sasa, na siyo kabla. Ukibadili manenosiri tundu likiwa wazi, mapya nayo yatachukuliwa.

```
wp config shuffle-salts
```

Amri hii inachanganya upya funguo za siri za tovuti na kubatilisha kila seshi iliyopo, hivyo kila aliyeingia anatolewa. Kisha badili manenosiri ya waadmini, hifadhidata na cPanel.

Kuna kitu kinachosahaulika karibu kila mara. Tangu toleo la 5.6, WordPress ina manenosiri ya programu, ambayo hayafi ukibadili nenosiri la kawaida wala ukichanganya funguo. Yakague kwa kila admini:

```
wp user application-password list 1
```

Usilolijua lifute.

Halafu kashe. Plagini ya kashe inaweza kuwa inatoa ukurasa wa juzi, wenye skripti, wakati hifadhidata imeshasafishika. Futa kashe ya plagini, ya seva, na ya Cloudflare kama unaitumia. Nimeona mtu akirudia kazi nzima kwa siku mbili kumbe kilichobaki ni kashe.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa namna inayofichua

Usijaribu kwenye tovuti halisi. Tumia nakala. Na usijaribu kwa kujaza fomu peke yake, kwa sababu usafishaji wa mlangoni utalifunika tundu la kutokea. Fungua phpMyAdmin ya nakala, uandike moja kwa moja ndani ya jedwali, kwenye jina, maoni, maelezo na anwani:

```
<b>jaribio77</b>
"><b>jaribio77</b>
' title='jaribio77
javascript:jaribio77
```

Hayana madhara yoyote, ila yanaonyesha ukweli. Fungua kila ukurasa unaoonyesha sehemu hizo, pamoja na orodha ndani ya dashibodi ya nakala. Kisha soma chanzo cha ukurasa, usiangalie sura tu:

```
curl -s http://localhost/nakala/maoni/ | grep -n jaribio77
```

Umefanikiwa ikiwa kwenye chanzo unaona `&lt;b&gt;jaribio77`, nukuu na ritifaa zimezimwa, na kiungo cha `javascript:` kimetoka kikiwa kitupu. Sehemu inayotolewa kwa `wp_kses_post` itaruhusu ule wino mzito, na hilo si kosa. Umeshindwa ikiwa mahali pengine popote "jaribio77" imeonekana kwa wino mzito, au ukipitisha kipanya juu ya kisanduku inajitokeza. Rudi Hatua ya 6 kwenye faili hiyo.

Maliza kwa kuandika jina lenye ritifaa na maneno "bei < 500" kupitia fomu halisi ya nakala. Jina lazima litoke lilivyoingia. Hiyo `<` ikipotea, kichujio chako cha mlangoni kinakula maandishi ya watu.

## Hatua ya 10: Fungua tovuti, endelea kuangalia

Hamishia marekebisho kwenye tovuti halisi, waruhusu waadmini warudi mmoja mmoja. Ongeza kichwa cha usalama, maelekezo ambayo seva inakipa kivinjari kuhusu skripti za kuruhusu, kwanza katika hali ya kuripoti tu:

```
Header set Content-Security-Policy-Report-Only "script-src 'self' 'unsafe-inline'; object-src 'none'; base-uri 'self'"
```

Kinaingia kwenye `.htaccess` ya seva ya Apache. Nimeacha `'unsafe-inline'` kwa kuwa WordPress na plagini nyingi zinaandika skripti ndani ya ukurasa. Kwa sababu hiyo kichwa hiki hakizuii skripti iliyochomekwa moja kwa moja. Faida yake ni kuzuia skripti zinazoitwa kutoka vikoa vya wengine. Fungua kurasa zako kwa wiki moja huku ukisoma konsoli ya kivinjari, ongeza vikoa halali vinavyolalamikiwa, kisha ondoa `-Report-Only`.

Kama tovuti inatunza taarifa za wanafunzi, wateja au wanachama, na umeona dalili kwamba zimechukuliwa, mwambie mwenye tovuti awasiliane na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya mwaka 2022 inamgusa hata kama tovuti ni ndogo.

Rudia amri ya Hatua ya 3 na ya Hatua ya 4 siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Safu mpya ikitokea, usiifute haraka. Chukua saa yake, fungua logi, tafuta `POST` ya dakika ile. Kwa yule mwalimu wa Rungwe safu moja ilitokea siku ya tatu, na logi ikatuonyesha fomu ya zamani ya maombi ya kidato cha kwanza, ukurasa ambao kila mtu shuleni aliamini ulishaondolewa.